Élie Metchnikoff na askari wa damu

1. Mwiba mguuni

Mtoto anatembea njiani bila viatu. Mwiba unamchoma katika wayo. Anauchomoa, lakini ncha yake inakatika na kubaki ndani. Kesho yake mahali pale pamevimba, pana moto, tena panauma. Baada ya siku chache usaha unatokea, na pamoja na usaha ile ncha ya mwiba inatoka. Kisha kidonda kinafunga, na mtoto anakimbia tena na wenzake.

Jambo hilo ninyi nyote mmeliona. Lakini je, mmejiuliza ni nani aliyefanya kazi ile? Ni nani aliyejua kwamba mwiba umeingia pale, wala si penginepo? Na usaha unatoka wapi?

Zamani hata waganga wakubwa wa Ulaya hawakujua kujibu. Waliona uvimbe na moto, wakasema ni ugonjwa tu. Mtu aliyeonyesha kwanza maana ya mambo hayo alikuwa Élie Metchnikoff. Hakuwa mganga. Alikuwa mwenye kuchunguza vidudu vya bahari, na chombo chake cha kuvumbua kilikuwa mwiba mdogo wa waridi. Someni sasa habari za maisha yake.

2. Mtoto aliyelipa wasikilizaji wake

Metchnikoff alizaliwa mwezi wa Mei mwaka 1845, katika kijiji kilicho karibu na mji wa Kharkov. Siku zile nchi ile ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Leo ni nchi ya Ukraine. Baba yake alikuwa ofisa katika askari walinzi wa mfalme. Watoto wa nyumba ile walikuwa watano, naye alikuwa kitinda mimba. Kwa Kirusi aliitwa Ilya, ndilo jina la nabii Eliya. Baadaye Wafaransa wakamwita Élie.

Tangu utoto alipenda mimea na wadudu kupita michezo yote. Alikusanya majani na maua, akajifunza majina yao. Kisha aliwaita kaka zake na watoto wengine awafundishe yale aliyoyajua. Mara nyingi watoto hawakutaka kukaa kimya na kusikiliza. Basi yeye aliwapa fedha yake ndogo ya mfukoni, wapate kuvumilia mpaka mwisho wa somo!

Mwaka 1862 aliingia katika chuo kikuu cha Kharkov. Masomo yake yalikuwa ya miaka 4. Yeye aliyamaliza kwa miaka 2. Halafu akaenda Ujerumani na Italia kuchunguza wanyama wadogo wa majini. Mwaka 1865, huko Ujerumani, aliona jambo ambalo hakulisahau tena. Alikuwa akitazama mnyoo mdogo bapa kwa mikroskopi, ndicho chombo chenye vioo kinachofanya vitu vidogo vionekane vikubwa. Akaona kwamba chembe za mwili wa mnyoo ule zinameza chakula zenyewe, moja moja, na kukiyeyusha ndani yao.

Ni lazima mfahamu maana ya chembe. Nyumba ya matofali imejengwa kwa matofali mengi. Vivyo hivyo mwili wa mtu, wa mnyama na wa mmea umejengwa kwa chembe nyingi sana, ndogo hata jicho haliwezi kuziona. Lakini tofali halina uhai. Chembe ina uhai. Inakula, inakua, inazaa nyingine, inakufa.

3. Miaka ya huzuni

Metchnikoff akawa mwalimu katika chuo kikuu cha Odessa, mji ulio kando ya Bahari Nyeusi. Mwaka 1869 alimwoa Ludmila. Bibi arusi alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu, na siku ya arusi hakuwa na nguvu za kutembea. Wakamchukua kanisani juu ya kiti. Mume wake alifanya kazi mchana na usiku apate fedha za kumpeleka katika nchi za joto, akitumaini kwamba hewa nzuri itamponya. Haikumponya. Ludmila alikufa mwaka 1873 katika kisiwa cha Madeira.

Metchnikoff alirudi akiwa mtu aliyevunjika moyo. Tena macho yake yalikuwa mabovu, hata akaogopa kwamba hataweza kutumia mikroskopi tena. Giza likamfunika. Alikata tamaa kabisa, akataka kuuondoa uhai wake mwenyewe, lakini hakufa. Hapo tusimsifu. Uhai si mali yetu, tumeupewa na Mungu tuutunze. Lakini tusimhukumu pia, kwa kuwa huzuni kubwa ni mzigo mzito, na mtu anayeubeba peke yake huanguka. Mtu akiona rafiki yake yumo katika giza namna ile, asimwache peke yake. Amwite mzazi, mwalimu au padri.

Mwaka 1875 alimwoa Olga, msichana mwenye akili na bidii. Hawakupata watoto, lakini wazazi wa Olga walipokufa, waliwatunza wadogo zake kama watoto wao.

Taabu hazikwisha. Mwaka 1880 Olga aliugua sana homa ya matumbo. Mwaka uliofuata Metchnikoff, akiwa amechoka tena na maisha, alijitia katika mwili wake damu ya mgonjwa wa homa ya kurudi-rudi. Homa hiyo ni ya jamii moja na ile iletwayo katika nchi yetu na kupe wa nyumbani aitwaye kimputu. Alitaka pia kujua kama ugonjwa ule waweza kupita kwa njia ya damu. Aliugua vibaya, karibu kufa. Alipopona, tamaa ya kuishi ilimrudia, nayo ilikuwa na nguvu kuliko mwanzo.

Siku zile kulikuwa na fujo nyingi katika nchi. Mfalme wa Urusi aliuawa mwaka 1881, na chuoni waalimu waligombana juu ya mambo ya utawala. Mwaka 1882 Metchnikoff aliiacha kazi yake. Akamchukua Olga pamoja na wadogo zake, wakaenda Messina, mji wa bandari katika kisiwa cha Sicilia, nchi ya Italia.

4. Mwiba wa waridi

Huko Messina walipanga nyumba iliyotazama bahari. Metchnikoff aliweka mikroskopi yake sebuleni. Kila siku alitazama watoto wachanga wa mnyama mmoja wa bahari mwenye mikono mitano kama nyota. Watu wa pwani humwita kiti cha pweza. Mtoto wake mchanga ni mdogo sana, tena mwili wake waonekana ndani na nje kama kioo. Mtu aweza kuona chembe zake zikifanya kazi, bila kumpasua.

Siku moja jamaa wote walikwenda mjini kutazama nyani waliofundishwa michezo. Metchnikoff alibaki nyumbani peke yake na mikroskopi. Alikuwa akitazama chembe fulani zilizokuwa zikitembea ndani ya kile kidudu, huku na huku, pasipo kushikamana na nyingine. Ghafula wazo likamjia. Chembe hizi zajua kumeza. Basi labda hazimezi chakula tu. Labda ni walinzi wa mwili! Kitu kibaya kikiingia, je, hazitakwenda kukizunguka na kukila?

Alisisimka sana. Akaanza kutembea chumbani kwa hatua kubwa, kisha akashuka mpaka pwani apate kutuliza mawazo yake. Akasema moyoni kwamba kama wazo lake ni kweli, basi mwiba ukichomwa katika mwili wa kidudu kile, baada ya muda mfupi chembe zitakuja kuuzunguka, kama usaha unavyozunguka mwiba katika kidole cha mtu. Na kidudu kile hakina damu wala mishipa ya damu. Basi chembe zikienda, zitakuwa zimekwenda kwa miguu yao.

Nyumba ile ilikuwa na bustani ndogo. Hapo palikuwa na miiba ya waridi. Akaichukua michache, akaichoma chini ya ngozi ya vidudu vile vizuri vyenye kung'aa kama maji. Usiku ule hakupata usingizi. Kulipopambazuka tu alikwenda kutazama. Na tazama, mwiba ulikuwa umezungukwa pande zote na chembe zenye kutembea, zimejaa tele kama siafu juu ya mzoga!

Tangu asubuhi ile kazi yake ilibadilika. Mtu aliyekuwa mchunguzi wa vidudu vya bahari akawa mchunguzi wa magonjwa ya watu. Na yeye aliyeona zamani kwamba dunia haina huruma, alikuwa ameona kwamba hata kidudu kidogo namna ile hakikuachwa bila ulinzi.

Rudolf Virchow, mganga mashuhuri wa Ujerumani, alipita Messina, akaitazama kazi ile. Alimtia moyo, lakini alimwonya pia, kwa sababu waganga walifundisha kinyume. Wao walikuwa wameona mara nyingi vijidudu vya ugonjwa ndani ya chembe nyeupe za damu. Wakafikiri chembe hizo huvibeba vijidudu na kuvieneza mwilini. Yaani walimwona askari aliyemkamata mwizi, wakadhani askari ndiye mchukuzi wa mwizi.

Huko Vienna wenye elimu walimpa Metchnikoff jina la Kigiriki kwa chembe zake: fagositi, maana yake chembe zinazokula.

5. Vita ndani ya tone la maji

Mwiba si kijidudu. Adui zake wangeweza kusema kwamba hajaonyesha bado vita vya kweli. Basi Metchnikoff alitafuta mfano mwingine, akaupata katika maji ya kidimbwi. Humo mna kidudu kidogo kama kichwa cha sindano, kiitwacho dafnia. Mwili wake nao unapenyeka kwa macho. Dafnia huugua ugonjwa uletwao na kuvu ya jamii ya hamira. Mbegu za kuvu hiyo ni kali kama sindano. Kidudu kikizimeza, zinatoboa tumbo na kuingia mwilini.

Metchnikoff alikaa akitazama saa nyingi. Aliona mbegu ikitoboa. Aliona chembe nyeupe zikiifikia, zikiizunguka, zikiimeza, mpaka mbegu ikavunjika na kuyeyuka. Hapo dafnia alipona. Lakini mara nyingine mbegu zilikuwa nyingi kupita kiasi. Zikachipua, zikazaa, chembe zikashindwa, na dafnia akafa. Mwaka 1884 aliandika habari hizo zote. Ugonjwa ni vita, na kupona ni ushindi wa walinzi.

6. Chembe zafuata nini?

Sasa swali jipya likatokea. Chembe haina macho wala masikio. Yajuaje mahali adui alipo?

Mwaka 1888 mganga wa macho wa Ujerumani, jina lake Theodor Leber, alionyesha kwamba chembe nyeupe huvutwa na vitu vinavyotoka katika kuvu iliyoingia jichoni mwa sungura. Mwaka 1890 Wabelgiji wawili, Jean Massart na Charles Bordet, walitia maji ya vijidudu katika mirija ya kioo, myembamba kama unywele, wakaiweka ndani ya miili ya vyura. Chembe nyeupe zikaingia kwa wingi katika mirija ile. Basi ilijulikana: adui huacha kitu kama harufu, na askari huifuata. Mwendo huo wa kufuata kemikali huitwa kemotaksi.

Fikirini mtu anayeingia kijijini jioni na njaa. Mahali fulani wanakaanga samaki. Kwanza harufu ni hafifu. Anakwenda upande huu, inapungua. Anakwenda upande ule, inazidi. Akifuata upande inakozidi, atafika kwenye sufuria, hata kama ni giza. Chembe nyeupe hufanya karibu hivyo. Mpaka leo wenye elimu wamejifunza mengi juu ya njia yake, nasi tuitazame.

Damu yakimbia katika mishipa kama mto Lualaba wakati wa mvua, na chembe nyeupe huchukuliwa na mkondo kama mtumbwi. Je, utasimamaje pale panapotakiwa? Karibu na kidonda, ukuta wa mshipa hutoa vishikio vidogo. Chembe ikipita pale inanaswa kidogo, inabingirika polepole kando ya ukuta, halafu inasimama na kushika kwa nguvu. Kisha inajipenyeza kati ya chembe za ukuta na kutoka nje.

Hapo yaanza kutembea. Juu ya ngozi ya chembe mna vipokezi maelfu na maelfu, vidogo sana, vya kupokea habari. Upande unaopokea zaidi ndio ulio karibu na adui. Kwa upande huo chembe inasukuma nje sehemu ya mwili wake kama mguu, inashika chini, na kuvuta mwili wote mbele. Kisha inatoa mguu mwingine. Haina haraka machoni petu, kwa maana yakwenda karibu milimeta moja tu kwa saa moja. Lakini chembe yenyewe ni ndogo kiasi cha kuwa milimeta moja kwake ni kama urefu wa mwili wake mara 80 au zaidi.

Harufu zile ni za namna nyingi. Nyingine zatoka kwa vijidudu wenyewe. Nyingine zatoka katika chembe zetu zilizoumia. Nyingine hufanyika katika maji ya damu. Na chembe nyeupe zilizofika kwanza hutoa harufu nyingine za kuwaita wenzao, kama mpiga ngoma anayeita kijiji kizima kuzima moto.

Zikifika zinameza vijidudu na kuvimaliza. Nyingi hufa katika kazi hiyo. Usaha mnaouona katika kidonda ni, kwa sehemu kubwa, maiti za askari waliokufa kwa ajili yenu. Lakini mwili hauishiwi na askari. Ndani ya mifupa, katika uboho, mtu mzima hutengeneza kila siku chembe nyeupe kama bilioni 100 za namna ile inayotangulia vitani.

7. Mabishano ya miaka mingi

Mwaka 1888 Metchnikoff alihamia Paris. Louis Pasteur, aliyevumbua chanjo ya kichaa cha mbwa, alimpokea katika Taasisi ya Pasteur iliyofunguliwa mwaka ule, akampa chumba cha kazi. Alikaa huko mpaka kufa kwake, miaka 28.

Lakini wengi walimpinga, hasa huko Ujerumani. Walisema kwamba si chembe zinazolinda mwili, ila maji ya damu. Walikuwa na sababu nzuri. Mwaka 1890 Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato, huko Berlin, walionyesha kwamba maji ya damu ya mnyama aliyezoezwa yaweza kuvunja sumu ya pepopunda, uitwao na wengi tetanosi. Mwaka 1894 Richard Pfeiffer alionyesha vijidudu vya kipindupindu vikiyeyuka bila kumezwa na chembe.

Metchnikoff aliumia sana. Alikuwa mtu wa hasira ya upesi, na katika mikutano alisema kwa moto mwingi. Lakini hakujibu kwa maneno matupu. Kila mara adui zake walipoleta jambo jipya, alirudi kwenye mikroskopi na kulijaribu.

Mwaka 1894 Mbelgiji kijana, Jules Bordet, mzaliwa wa Soignies, alikuja kufanya kazi katika chumba cha Metchnikoff. Alichunguza maji ya damu, akavumbua kwamba yana vitu viwili vinavyosaidiana kuua vijidudu. Ushuhuda huo uliwapa nguvu wapinzani wa mwalimu wake, nao ulitoka katika chumba cha mwalimu mwenyewe! Lakini ukweli haukufichwa. Bordet aliuandika, akaendelea na kazi palepale kwa miaka. Naye alipewa tuzo ya Nobel ya mwaka 1919.

Mwaka 1903 Almroth Wright na mwenzake, huko London, walileta upatanisho. Walionyesha kwamba vitu fulani vya maji ya damu hushikamana na vijidudu, na hapo chembe nyeupe huvila kwa urahisi. Ni kama mama anavyotia chumvi na mafuta ya mawese katika sombe, ikawa tamu. Basi pande zote mbili zilikuwa na kweli. Maji ya damu na chembe za damu ni ndugu wanaosaidiana. Tena leo yajulikana kwamba vile vitu alivyochunguza Bordet vina kazi nyingine pia: vipande vyake ni mojawapo ya zile harufu zinazoziita chembe nyeupe.

Mwaka 1908 tuzo ya Nobel ya uganga ilitolewa kwa watu wawili pamoja: Metchnikoff, mtetezi wa chembe, na Paul Ehrlich wa Ujerumani, mtetezi wa maji ya damu.

8. Mwisho wake

Katika uzee Metchnikoff alichunguza sababu za uzee wenyewe. Alifikiri kwamba maziwa ya mgando, kama yale wanayokunywa wafugaji wa Kivu, yaweza kuongeza miaka ya mtu. Aliyanywa kila siku. Maziwa hayo ni chakula kizuri, lakini hayakutimiza yote aliyoyatumaini. Hata mwenye akili nyingi hukosea mara nyingine.

Alikufa Paris tarehe 15 Julai 1916, mwenye miaka 71, wakati vita kubwa ilipokuwa ikiangamiza Ulaya. Mabaki yake yanatunzwa katika Taasisi ya Pasteur. Olga aliandika kitabu cha maisha yake.

Metchnikoff hakuwa mtu wa kusali, hakuijua furaha ya imani. Lakini sisi tunaoamini, tukisoma aliyoyaona, twamshukuru Mungu, aliyeweka walinzi hata katika mwili wa kidudu cha bahari.

9. Faida kwetu

Kuna watoto wachache sana duniani wanaozaliwa na kasoro hii: chembe nyeupe zao haziwezi kushika ukuta wa mshipa. Damu yao imejaa askari, lakini hawawezi kutoka njiani kwenda vitani. Wakijeruhiwa, kidonda hakitoi usaha, wala hakifungi. Magonjwa madogo huwaua, wasipopata waganga wenye ujuzi mwingi. Kwa hao twafahamu thamani ya uvimbe na usaha wetu.

Basi ukichomwa na mwiba, usiogope uvimbe mdogo. Ni ishara kwamba walinzi wamefika. Lakini uwasaidie. Osha kidonda kwa maji safi na sabuni. Usikitie udongo wala mavi ya ng'ombe, kwa maana hayo ni kuwaongezea askari adui. Usikibinye kwa mikono michafu. Uvimbe ukizidi kupanda, au homa ikija, nenda upesi kwenye dispensari, kwa kuwa hata askari hodari hushindwa na adui wengi, kama dafnia wa Metchnikoff. Na usikose chanjo ya tetanosi. Sumu ya ugonjwa huo huenda mpaka kwenye mishipa ya fahamu, na chembe nyeupe peke yao haziwezi kuizuia. Chanjo huyafundisha maji ya damu kuivunja kabla haijadhuru.

Maulizo

1. Kwa nini Metchnikoff alichagua kuchunguza mtoto wa kiti cha pweza?
2. Alitazamia kuona nini asubuhi, na aliona nini?
3. Waganga wa zamani walifikiri nini juu ya chembe nyeupe? Kosa lao lilikuwa nini?
4. Chembe nyeupe yajuaje mahali adui alipo? Eleza kwa mfano wako mwenyewe.
5. Jules Bordet alivumbua nini? Kwa nini ilikuwa vema kutokuficha uvumbuzi ule?
6. Mdogo wako amechomwa na mwiba. Utafanya nini, na hutafanya nini?